Foleni ya Mbeya inaanzia kibarazani

Tangu mitambo ianze kuchimba kandokando ya barabara kuu ya TANZAM, itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, ili kipande cha kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi kiwe cha njia nne, watu wa Mbeya tumekuwa na kauli moja. Utaisikia kwenye Hiace za Uyole, kwenye vijiwe vya kahawa Mwanjelwa, hata kwenye vikao vya harusi: njia nne ikikamilika, foleni kwisha. Naiombea barabara hiyo ikamilike hata leo, maana kero ya vumbi na saa tunazopoteza naijua. Lakini naona tumekosea kumtambua mgonjwa. Wembamba wa lami ni sehemu tu ya tatizo, na ni sehemu rahisi zaidi kuitibu. Sehemu kubwa iko nje ya lami, kwenye viwanja vinavyopakana nayo: nyumba za kuishi zilizogeuka fremu, bustani zilizogeuka sheli, mashamba yaliyogeuka shule, kumbi na maghala, yote yakifungua mlango wake juu ya barabara ileile. Tukipanua lami na kuiacha ardhi iendelee kubadilika kama ilivyobadilika, tutakuwa tumeipanua foleni.

Inafaa tukumbuke barabara hii ilianzaje. Mji wa Mbeya ulianza mwaka 1927, enzi za dhahabu ya Lupa, na ulikaa juu kwenye mteremko chini ya mlima Loleza: Uzunguni, Sokomatola na maeneo yanayozunguka katikati ya mji wa leo. TANZAM ilipojengwa kwa lami mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya uasi wa walowezi wa Rhodesia mwaka 1965 kuibana Zambia njia yake ya kusini, ilipita bondeni, kusini mwa mji huo. Msafiri wa Tunduma hakulazimika kupanda hadi mjini. Yaani kwa wakati ule TANZAM ndiyo iliyokuwa barabara ya mchepuo ya Mbeya. Kisha mji ukateremka kuifuata. Reli ya TAZARA ikaja na stesheni yake Iyunga, viwanda vikakaa jirani, Mwanjelwa ikawa soko la mikoa ya nyanda za juu kusini, na Uyole, penye njia panda ya Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi, ikawa mji ndani ya mji. Sensa ya 2002 ililikuta jiji hili na watu 266,422. Ya 2012 ikahesabu 385,279, na ya 2022 ikahesabu 541,603. Watu wameongezeka mara mbili katika miaka 20, na karibu wote wanaitegemea barabara moja iliyotoka mashariki kwenda magharibi.

Wanaitegemea kwa sababu ya maumbile ya mahali pia. Vijito vinavyoshuka kutoka safu ya milima ya Mbeya vimeukata mji vipande vipande. Mtaa mmoja na wa pili mnaonana, mnasikiana hata muziki wa sherehe, lakini kati yenu kuna korongo, na kivuko ni ubao wa miti au hakuna kabisa. Mtu wa gari anayetaka kwenda ng'ambo analazimika kushuka hadi TANZAM, aende nayo kidogo, kisha apande tena. Safari ambayo ingekuwa ya mtaani inaishia kwenye barabara ya kimataifa, nyuma ya semitrela la shaba. Mpanga mji yeyote aliyewahi kusimama pale Mafiati saa kumi na mbili jioni anajua kwamba sehemu kubwa ya magari yanayosubiri kwenye mataa hayaendi Dar wala Tunduma. Yanakwenda nyumbani.

Nichukue nyumba moja ambayo nimekuwa nikiipita tangu nikiwa sekondari, upande wa Sae. Ilikuwa na ua wa michongoma, mparachichi mkubwa mbele, na kibaraza cha saruji nyekundu ambako bibi mwenye nyumba alikuwa akianika maharage. Bibi alipofariki, familia ilikata mparachichi, ikavunja kibaraza na kupiga fremu sita zinazotazama lami: wakala wa fedha, saluni, vipuri vya bodaboda, chipsi, duka la vinywaji vya jumla, na duka la vifaa vya ujenzi. Siwalaumu hata kidogo. Kwa kodi ya fremu zile watoto wamesoma. Ila nenda kasimame hapo saa mbili asubuhi. Fuso limefika na mabati na saruji. Nyuma hakuna pa kuingilia, kwa hiyo linarudi kinyumenyume kutoka barabarani, utingo kasimama katikati ya lami kanyoosha mkono, anapiga bodi kwa kiganja: njoo, njoo, njoo. Nyuma yake Hiace mbili, bajaji zisizo na idadi na semitrela lililosimama kwenye mwinuko. Fuso likishaingia, semitrela lenye mzigo haliondoki kama gari dogo. Linapumua upepo wa breki, linashika gia ya chini kabisa na kujikokota. Dereva wa tano au wa sita nyuma yake hajui habari za mabati. Yeye anaona barabara nyembamba.

Tupige hesabu ya kubuni, ili wazo lionekane. Tuseme familia ya bibi yule ilitoka na kurudi mara 5 au 6 kwa siku, tena wengine kwa miguu. Tuseme sasa kila fremu ina wateja 40 tu kwa siku, idadi ndogo kwa wakala wa fedha peke yake. Kiwanja kilekile kimevuta watu 240, na kila mmoja anakuja na kuondoka. Hata kama robo tu wanatumia chombo cha moto, ni vyombo 60 vinavyopunguza mwendo, vinasimama ukingoni na kuchomekea tena barabarani. Zidisha kwa nyumba zote zilizo kati ya Uyole na Iyunga ambazo zimepita njia hiyo. Hakuna lori hata moja lililoongezwa kwenye hesabu hiyo, wala mtu mmoja aliyehamia mjini. Kilichobadilika ni matumizi ya ardhi.

Na uzito wa mlango mmoja hautokani na wingi wa wanaoupita tu. Sisi tunaendesha kushoto. Anayetaka kuingia kiwanja cha kulia lazima asubiri nafasi mbele ya wanaokuja. Kwenye barabara ya njia mbili, Noah moja inayosubiri kukata kulia inawasimamisha wote walio nyuma. Njia nne yenye ukuta katikati itaondoa hilo, na huo ni ushindi wa kweli. Lakini fikiria njia ya kushoto itakavyokuwa pale ambapo fremu zimejipanga: daladala inashusha abiria nje ya kituo kwa sababu abiria anataka duka na siyo kituo, bodaboda wamejikusanya mbele ya chipsi, Fuso linashusha saruji. Madereva wote watahamia njia ya kulia. Barabara iliyojengwa ya njia nne itatumika kama ya njia mbili, na bodaboda atakayeona kituo cha kugeuzia kiko mbali atapita upande usio wake. Mwaka 1962 mchumi wa Marekani, Anthony Downs, alieleza jinsi barabara mpya za mijini zinavyojaa tena saa za kilele kwa sababu nafasi iliyopatikana huvuta safari ambazo hazikuwapo au zilikuwa kwingine. Kwetu kuna kiungo cha ziada: nafasi mpya huvuta fremu kwanza, na fremu ndizo zinazovuta safari.

Hatuna haja ya kwenda Marekani kupata mfano. Kariakoo ilipimwa kwa nyumba za chini, za vyumba na ua, na mitaa yake ikapewa upana wa kutosha nyumba hizo. Leo kwenye viwanja vilevile yamesimama maghorofa ya maduka na stoo, na mitaa ina upana uleule. Hakuna anayeshangaa kwa nini kirikuu linachukua nusu saa kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Stendi ya mabasi ya mikoani ilipohamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, msongamano haukuyeyuka; ulihama na stendi, pamoja na mama lishe, bajaji na nyumba za wageni. Kwa wenzetu wa Iringa, mji wa juu umeokolewa na mlima. TANZAM inapita chini, Ipogolo, na lori la Zambia halina sababu ya kupanda hadi Miyomboni. Hata hivyo stendi ilipohamia Igumbilo, kila abiria wa basi aliyekuwa akishuka mjini na kutembea kwa miguu alianza kuhitaji bajaji au daladala. Stendi ni uamuzi wa ardhi, na kila uamuzi wa ardhi unaandika ratiba ya barabara.

Mbeya tumeyaona haya mara nyingi. Soko la Mwanjelwa lilipoungua Desemba 2006, wafanyabiashara walitawanyika, wengi wakaenda eneo la SIDO kwa kile kilichoitwa muda mfupi. Soko jipya lilipokamilika baada ya miaka, SIDO ilikuwa imeshaota mizizi, na jiji likabaki na sumaku mbili za mizigo mahali palipokuwa na moja. Uwanja wa ndege wa Songwe ulipoanza kazi mwaka 2012, takriban kilomita 20 magharibi mwa mji, kila msafiri wa ndege aliongezwa kwenye TANZAM na kwenye mteremko wa Iwambi hadi Mbalizi, mahali ambapo malori yaliyokatika breki yameua watu zaidi ya mara moja. Sisemi uwanja usingehamishwa. Wa zamani ulikuwa umezingirwa na nyumba. Nasema tu kwamba sijawahi kusikia mtu akiuhesabu uhamisho ule kama suala la trafiki, na ulikuwa suala la trafiki.

Sasa niwatendee haki wanaofikiri tofauti. Wahandisi wanasema, na wako sahihi, kwamba barabara ya njia mbili inayobeba mizigo ya bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo haiwezi wakati huohuo kuwa mtaa wa jiji la watu zaidi ya nusu milioni, na kwamba hakuna mpango wa ardhi utakaoiokoa bila kuipanua. Nakubali bila kusita. Upanuzi ni lazima. Ninachokataa ni kuutegemea peke yake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na imenisumbua kuliko nyingine. Inasema kwamba fremu zinapunguza safari. Duka likiwa karibu na nyumba, mtu hapandi daladala kwenda Mwanjelwa kununua kilo ya misumari. Miji iliyotenganisha makazi na biashara kwa mstari mkali imewalazimisha watu wake kuendesha gari hata kutafuta mkate. Tena kwa familia nyingi za hapa, kibaraza kinachotazama barabara ndicho kiinua mgongo pekee watakachokuwa nacho uzeeni. Hoja hii ikikataliwa kwa amri ya kubomoa, atakayeumia ni mjane na siyo mwenye ghala. Lakini itazame kwa makini, maana inatetea biashara ndani ya mtaa. Duka la vifaa vya ujenzi likiwa katikati ya Isyesye au Ilemi, fundi anakwenda kwa miguu. Likiwa ukingoni mwa TANZAM, fundi wa Isyesye na wa Ilemi wote wanashuka barabara kuu, pamoja na wa Mbalizi aliyesikia bei ni nzuri. Hatukuchanganya makazi na biashara. Tulizitundika biashara zote kwenye kamba moja. Na tulifanya hivyo kwa sababu huko mitaani barabara ni mbovu, Fuso haliingii, na mteja haoni bango.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi vikaoni: kwamba tatizo ni wamachinga, bajaji na bodaboda, wakiondolewa njia itafunguka. Mwishoni mwa 2021 wamachinga walihamishwa katika miji yote mikubwa ya nchi, Mbeya ikiwemo. Kwa wiki kadhaa mapito yalikuwa meupe. Foleni za jioni zilibaki mahali pake, na haikuchukua muda mrefu meza zikaanza kurudi moja moja. Zilirudi kwa sababu mmachinga hachagui mahali. Anachaguliwa na umati. Umati uko pale kwa sababu kuna stendi, soko, wakala na duka la jumla, na hivyo vyote vina kibali, leseni na kodi iliyolipwa. Mwenye meza ya nyanya anaonekana, kwa hiyo analaumiwa. Mlango wa sheli unaokata mapito kwa mita nyingi hauonekani, kwa sababu umesakafiwa vizuri na una taa. Bajaji nayo ni jibu la abiria kwa mji ambao daladala zake haziingii mitaani. Ukiiondoa bila kujenga barabara ya mtaa, yule abiria utakuwa umemwambia atembee usiku.

Ukiuliza kwa nini hakuna aliyeizuia hali hii, utakuta kwamba hakuna aliyekuwa na kazi hiyo. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za mitaa, tangu 2017, ni za TARURA. Ardhi na vibali vya ujenzi viko kwa halmashauri ya jiji, ambayo chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ndiyo mamlaka ya upangaji. Zamani mhandisi wa halmashauri na ofisa mipango miji walikuwa chini ya mkurugenzi mmoja. Angalau walikutana kwenye korido. Leo anayeidhinisha kiwanja kigeuke cha biashara haulizwi barabara itabeba nini, na anayejenga barabara haulizwi kiwanja kilichopo kando yake kitakuwa nini baada ya miaka 5. Faida ya leseni na ushuru wa huduma inaingia upande mmoja. Gharama ya foleni inaangukia upande mwingine, na zaidi ya wote inamwangukia mgonjwa aliye kwenye gari akipelekwa Hospitali ya Rufaa. Miradi mikubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kwa mujibu wa Sheria ya Mazingira ya 2004. Fremu sita hazifiki kiwango hicho. Zikiwa fremu sita mara mia tano, bado hazifiki, kwa sababu kila mmoja amejenga zake.

Tunachokijua kuhusu kingo za barabara ni ile alama ya X inayopakwa kwenye kuta za nyumba. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na kila mtu hapa anajua tofauti ya X nyekundu na X ya kijani, ya asiyelipwa na ya anayestahili fidia. Lakini X inasema tu nyumba ikae umbali gani. Haisemi nyumba hiyo iwe nini, wala ifungue mlango wake wapi. Unaweza kuwa nje ya hifadhi kwa mita moja, umetii sheria kikamilifu, na bado ukaua njia nzima ya kushoto kwa mlango wako.

Kwa hiyo mita zile 30 zina kazi ya haraka kuliko kupandwa maua. Pale ambapo hifadhi imeshasafishwa kwa fidia na machozi ya watu, ijengwe barabara ya huduma sambamba na ile kuu, fremu zifungukie humo, na humo daladala zishushe na Fuso zipakue. Milango ya kuingia barabara kuu ibaki michache, ya mitaa na siyo ya viwanja. Mwenye fremu habomolewi. Anageuziwa mteja upande wa pili. Kibali chochote kipya cha kugeuza kiwanja cha makazi kuwa biashara kandokando ya TANZAM kipite mezani kwa TANROADS kwanza, na kionyeshe gari la mizigo litasimama wapi. TARURA nayo ipewe fedha za madaraja madogo ya kuvuka vijito, yanayounganisha mtaa na mtaa bila kugusa barabara kuu. Daraja la namna hiyo haliwezi kuzinduliwa kwa ngoma kama njia nne, na huenda ndiyo sababu hatuyaoni. Ningeweza kutoa yote mengine na kubaki na hayo madaraja, kwa kuwa ndiyo pekee yanayoweza kuifanya biashara ipende kukaa ndani ya mtaa.

Imebaki barabara ya mchepuo kutoka Uyole hadi Songwe, ile ambayo kila mtu anaitaja kama dawa ya mwisho: malori yapite huko, mji upumue. Itasaidia, hasa kwa ajali za mteremkoni. Lakini Mbeya imewahi kuwa na mchepuo, na ndio huu tunaokaa kwenye foleni yake. Ardhi iliyopakana nao iliachwa ijipange, nayo ikajipanga kwa namna inayolipa zaidi. Mchepuo wa pili utapita kwenye mahindi na viazi, na mahali pa kuamua milango yake iwe wapi ni kwenye ramani, kabla kiwanja cha kwanza hakijapimwa. Muda huo si mrefu. Juzi dalali mmoja alinipeleka kuona shamba nje ya mji, hata njia ya baiskeli haijafika vizuri. Akahesabu hatua kando ya mgomba, akasimama, akageuka kunitazama. "Mzee, hapa lami ikipita tu," akasema, akichora mstari ardhini kwa kisigino, "unapiga fremu kumi."